Kula na wenzako Osaka: samaki mbichi unamwona, mchuzi ndio wa kuulizia

Swali: «Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa Unguja, nasoma shahada ya uzamili Osaka tangu Aprili. Wenzangu wa maabara ni watu wema, na kila mwezi hutoka pamoja kwenda kula. Mpaka sasa nimekuwa nikitoa udhuru, mara tumbo, mara kazi, na naona wameanza kuchoka kunialika. Ijumaa ya wiki ijayo kuna chakula cha jioni cha kumkaribisha mwenzetu mpya, kwenye izakaya, mgahawa wa kunywa na kula, na safari hii nataka kwenda. Nina hofu mbili. Ya kwanza ni samaki wabichi. Mama ameniambia wana minyoo inayoingia tumboni na kuzaliana, lakini wenzangu wanasema wasabi, kile kiungo chao kikali cha kijani, na siki huua kila kitu. Ya pili, mimi ni Mwislamu. Pombe sinywi, nguruwe sili, nikawa najiambia nikishika samaki na wali tu nimesalimika. Lakini nina mwenzangu wa Indonesia, Mwislamu pia, anayekula supu ya miso, ya soya iliyochachushwa, na sosi ya soya bila wasiwasi, ila ramen, tambi za kwenye supu, haigusi. Nimfuate nani? Na nitakaaje mezani bila kuwaharibia wenzangu raha yao?»

Marahaba, mwanangu.

Nikutoe wasiwasi kwanza: katika uliyoyataja, sioni la kukuzuia kula na wenzako. Ila naona hofu umeielekeza kusiko. Samaki mbichi unamwona. Yupo pale kwenye sahani, mwekundu au mweupe, nawe unaamua umle au umwache. Yanayotaka maswali ni yale usiyoyaona: supu iliyochemshwa na mifupa ya nguruwe, sosi iliyotiwa pombe ya mchele, mafuta yaliyotangulia kukaangia nyama kabla ya kamba wako. Na samaki na wali, unaodhani ndiyo kimbilio, mara nyingi ndimo hayo yanamoingia kimyakimya.

Nianze na minyoo, maana ndiyo naona inakukosesha raha.

Mnyoo anayezungumzwa sana Japani anaitwa anisakisi. Akiwa mchanga, ndani ya samaki, ni mweupe, mwembamba, urefu wake sentimita 2 hadi 3, na mara nyingi hukutwa amejiviringa. Anapokomaa makao yake ni tumbo la nyangumi, pomboo na sili. Mayai yake hutoka na kinyesi chao baharini, minyoo michanga ikaliwa na vidudu vidogo vya jamii ya kamba, vidudu vikaliwa na samaki na ngisi, na samaki hao wakaishia tena tumboni mwa nyangumi. Binadamu hayumo katika mzunguko huo. Tukimmeza, hawezi kukomaa wala kutaga mayai ndani yetu. Hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo mama hakukosea kukuonya, ila habari ya kuzaliana iondoe. Taabu yake ni nyingine: kabla ya kufa huchimba ukuta wa tumbo au utumbo, na aliyepatwa na maumivu yale hayasahau.

Wenzako nao wana lao la kurekebishwa. Wizara ya Afya ya Japani inaeleza waziwazi kwamba siki, chumvi, sosi ya soya na wasabi, kwa viwango tunavyotumia mezani, havimuui mnyoo huyu. Mfano mzuri uko hapohapo Japani. Kuna chakula kiitwacho shime saba: saba, samaki wa jamii ya vibua, hukazwa kwa chumvi, kisha hulazwa kwenye siki mpaka ngozi ya nje ya mnofu inageuka nyeupe. Ukimtazama utasema ameiva. Hata hivyo huyo ndiye miongoni mwa samaki wanaotajwa mara nyingi watu wanapofika hospitali na anisakisi tumboni. Siki hubadilisha nyama, mnyoo anabaki hai.

Vya kutegemea kumuua ni viwili, joto na baridi kali. Joto la nyuzi 70 humuua papo hapo, na la nyuzi 60 humuua kwa dakika moja. Kwa upande wa baridi, mwongozo wa Japani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, baridi hiyo ikiwa imefika mpaka katikati ya mnofu. Ukisoma mwongozo wa Marekani utakuta siku 7 kwa baridi hiyohiyo. Mimi kwa friza ya nyumbani, inayofunguliwa na kufungwa kutwa, nafuata hizo siku 7.

Sasa angalia hilo linamaanisha nini kwenye sahani. Jodari mwingi unaoliwa mbichi Japani umevuliwa mbali na kugandishwa kwenye meli zenye baridi inayofika nyuzi 60 chini ya sifuri. Hakuna mnyoo anayevuka hapo. Salmoni, yule wa rangi ya chungwa unayemwona kila mahali, hakuwa sehemu ya sushi za zamani, yale matonge ya wali wa siki yenye samaki juu, kwa kuwa Wajapani walijua salmoni wao wa Pasifiki ana minyoo na wakawa wanampika. Wanorwe ndio waliokuja katika miaka ya 1980 kuwashawishi wamle mbichi salmoni wa kufugwa, ambaye hulishwa chakula kikavu cha kutengenezwa na kwa hiyo hakutani na vile vidudu vinavyobeba mnyoo. Pweza na kamba wa rangi nyekundu na nyeupe unaowaona juu ya matonge ya wali kwa kawaida wamechemshwa. Kwa mtu anayeanza, hapo ndipo pa kuanzia: jodari, salmoni wa kufugwa, kamba aliyechemshwa, pweza. Saba, katsuo (samaki wa jamii ya jodari) na ngisi mbichi waache kwanza, hasa kwenye mgahawa wa bei ya chini usiomjua mpishi wake.

Mpishi ana kazi kubwa katika hili, na ukikaa kaunta utamwona akiifanya. Nilipokuwa nasoma Fukuoka nilipenda sana viti vile vya mbele. Mpishi huinua mnofu mbele ya taa akaugeuza taratibu, akaupitisha kidole, akautazama tena kwa upande wa tumbo, kwa sababu mnyoo hukaa zaidi matumboni mwa samaki na huhamia kwenye nyama samaki akishakufa na kucheleweshwa kupasuliwa. Akiona kijidoa kimejikunja, hukitoa kwa kibanio, au hukata kipande kizima akakitupa. Ngisi humchanja michirizi midogo iliyokaribiana, upande huu na upande ule. Michirizi ile hulainisha nyama, na pia humkata mnyoo aliyejificha ndani. Kwa hiyo swali la samaki mbichi ni swali la nani amemshika, na kwa nidhamu gani.

Lililo muhimu zaidi: si lazima umle mbichi kabisa. Wapo Wajapani wasiopenda samaki mbichi, na hakuna anayewashangaa.

Kuna hatari mbili za samaki ambazo watu wetu wa pwani tunapaswa kuziogopa kuliko mnyoo, na zote mbili chanzo chake ni joto la hewa. Moja ilijulikana kisayansi huko huko ulipo. Mwaka 1950 watu 272 waliugua Osaka baada ya kula shirasu, dagaa wadogo sana waliochemshwa na kukaushwa nusu, na 20 wakafariki. Kutoka hapo Fujino Tsunesaburo wa Chuo Kikuu cha Osaka akamtambua bakteria anayeitwa leo Vibrio parahaemolyticus. Ni kiumbe cha maji ya chumvi, hupenda joto, na huzaliana kwa kasi ya ajabu chakula kikiachwa nje. Nyingine ni histamini. Jodari, vibua na samaki wa jamii hizo wakikaa juani, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, na ikishatokea haiondoki hata umkaange mpaka awe mkavu. Mtu huwashwa, uso unamwiva, kichwa kinamgonga, akadhani ana mzio wa samaki maisha yake yote. Kwa hiyo Julai na Agosti, ambayo Japani ni miezi ya joto kali, sahani ya sashimi, vipande vya samaki mbichi, iliyokaa mezani muda mrefu huku watu wanazungumza, usiirudie.

Na kuna nyama. Izakaya nyingine, hasa za kusini, huleta kuku mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, au aliyebabuliwa nje tu. Huyo usimguse hata ungekuwa na uhakika wa kuchinjwa kwake. Kuku hubeba bakteria aitwaye Campylobacter, na upya wa nyama hausaidii chochote. Japani yenyewe ilijifunza kwa uchungu: mwaka 2011 watu 5 walikufa baada ya kula nyama mbichi ya ng'ombe kwenye migahawa ya kampuni moja, mwaka uliofuata maini mabichi ya ng'ombe yakapigwa marufuku, na mwaka 2015 nyama mbichi ya nguruwe. Kuku hakuguswa na marufuku hizo. Mkienda kuchoma nyama mezani kwenye mgahawa wa halali, na Osaka ipo, tenga koleo la kushikia nyama mbichi na lingine la kuopolea iliyoiva.

Tuje kwenye usiyoyaona.

Chakula cha Kijapani kimesimama juu ya supu ya msingi iitwayo dashi. Ile ya asili hutengenezwa kwa kombu, mwani mpana wa bahari ya baridi, pamoja na samaki katsuo aliyekaushwa mpaka akawa mgumu, kisha akaparuzwa vipande laini. Ukulima wa mwani unaufahamu kutoka kwa akina mama wa Paje na Jambiani, ingawa mwani wao ni wa jamii nyingine na wa kazi nyingine. Mwaka 1908 profesa wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichunguza ladha ya kombu akagundua kinachoileta ni glutameti, akaipa ladha hiyo jina la umami. Dashi ya namna hii haina tatizo kwako. Supu ya miso ya kawaida imejengwa juu yake, ikawa na tofu, vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, na majani ya mwani. Lakini kuna supu ya miso iitwayo tonjiru, na hiyo imejaa nyama ya nguruwe. Zinafanana kwa rangi, na kwa mgeni hata harufu haitofautiani sana.

Ramen ni habari nyingine. Ile nyeupe nzito, tonkotsu, ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Hata ile nyepesi yenye sosi ya soya, mara nyingi supu yake imechanganya kuku na nguruwe, na juu huwekwa vipande vya nguruwe. Kumwomba mpishi aondoe nyama hakubadilishi supu. Mwenzako wa Indonesia yuko sahihi kuiepuka, isipokuwa kwenye migahawa inayoipika kwa halali. Gyoza, vifurushi vidogo vya unga vyenye nyama ndani, kwa kawaida ni nguruwe. Okonomiyaki, chapati nene ya kabichi, ambayo watakutajia kwa fahari maana ni chakula cha Osaka, mara nyingi huja na nguruwe, na hata ukiagiza ya ngisi itapikwa kwenye bamba lilelile la chuma. Kari ya Kijapani hupikwa kwa vidonge ambavyo vingi vina mafuta ya wanyama. Kushikatsu, zile mishikaki za kukaanga, hupita zote kwenye sufuria moja la mafuta, na baadhi ya maduka mafuta yenyewe ni ya ng'ombe au nguruwe. Tempura, vyakula vilivyochovywa kwenye unga wa maji na kukaangwa, ina afadhali, kwa kuwa nyumba nyingi za tempura hukaanga samaki, kamba na mboga tu. Sosi yake ya kuchovya ndiyo ya kuuliza.

Unaulizia nini? Mirin. Ni kiungo kitamu cha mchele, na ile halisi ina alkoholi kiasi cha asilimia 14. Inaingia kwenye sosi ya tempura, kwenye mchuzi wa udon, tambi nene za ngano, kwenye mayai matamu ya sushi, kwenye mkunga wa kuchoma, kwenye samaki wa kupikwa na sosi. Pombe ya mchele yenyewe nayo hutumika kuondoa shombo la samaki. Utaambiwa, na watakuambia kwa nia njema, kwamba alkoholi yote huyeyuka jikoni. Si kweli. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kilichochanganywa na alkoholi kikachemka kwa dakika 15 bado hubaki na asilimia 40 hivi ya ile iliyotiwa, na baada ya saa nzima robo bado ipo. Kinachopungua ni kingi, lakini hakiishi.

Sosi ya soya na miso ziko mahali pa katikati, na hapo ndipo wewe na mwenzako mnapotofautiana. Sosi ya soya huchachushwa kwa miezi, na katika uchachu huo alkoholi hujitengeneza yenyewe, kiasi cha asilimia 2 hivi. Hakuna aliyeitia kwa kukusudia kinywaji, na hakuna anayelewa kwa kuchovya. Wanavyuoni wengi wanaliona hilo kuwa jambo tofauti na pombe. Kuna viwanda vinavyoongeza alkoholi kidogo ili sosi au miso isiote ukungu, na kwenye pakiti utaiona kwa herufi 酒精. Wapo wanaoziacha hizo na kununua zenye alama ya halali. Mimi ni mtu wa sayansi ya chakula: naweza kukuambia kilichomo, hukumu si yangu. Mwulize shekhe unayemwamini kule Unguja, au nenda Kobe, treni ya muda mfupi tu kutoka ulipo. Msikiti wake ulifunguliwa mwaka 1935 na ndio wa kwanza Japani. Waumini wa pale yamewapitia haya haya unayoyauliza. Ukishapata msimamo wako, ushike, wala usione haya kama si sawa na wa mwenzako. Ila mwulize naye kuhusu mirin, maana wengi wanaokwepa ramen huwa hawajui ilivyo kwenye udon. Kuhusu pweza, ngisi na kamba sidhani una shida: wengi wetu pwani tunafuata madhehebu yanayohalalisha viumbe wa baharini.

Lipo na la kukaa meza yenye pombe. Izakaya ni mahali pa kunywa kwanza na kula baadaye, huo ndio ukweli wake. Wapo wanavyuoni wanaokataza hata kukaa meza ambayo pombe inazungushwa, na wapo Waislamu wengi ughaibuni wanaokaa na kunywa chai. Kama moyo wako hautulii, usijilazimishe kwa ajili ya kupendwa. Mwambie mwenzako wa karibu ukweli, kisha wewe ndiye utoe mwaliko: chakula cha mchana, mahali pa sushi. Mjapani akialikwa na mtu aliyekuwa akitoa udhuru miezi yote, atafurahi kuliko unavyofikiri. Kinachowaumiza watu ni udhuru usioeleweka. Sababu ya dini wanaielewa mara ukiwaeleza.

Ukiamua kwenda hiyo Ijumaa, usisubiri kufika mezani. Kila karamu ya namna hiyo ina mratibu, wao humwita kanji, anayechagua mgahawa na mara nyingi huagiza siku kadhaa kabla mlolongo wa vyakula kwa bei moja. Mkishakaa, jiko limeshapanga kila kitu, na ombi lako linamfanya mratibu aone ameshindwa kazi. Mwandikie leo. Usiandike «mimi nakula halali» ukaishia hapo, kwa kuwa wengi hawajui inahusu nini jikoni. Taja vitu: nyama ya nguruwe na mafuta yake hapana, pombe ya kupikia na mirin hapana, nyama ya kuku na ng'ombe hapana kama mgahawa si wa halali, samaki na mboga na mayai ndiyo. Kwa Kijapani sentensi moja fupi inatosha kuanzia: «Butaniku to arukoru wa dame desu», yaani nyama ya nguruwe na pombe hapana. Na kwa mhudumu, ukiwa na shaka: «Mirin wa haitte imasu ka?», yaani je, kuna mirin ndani? Jifunze pia kuitambua herufi 豚, nguruwe, na 酒, pombe. Hizo mbili zitakuokoa dukani kila siku, achilia mbali Ijumaa moja.

Kwenye izakaya yenyewe kuna vya kula. Edamame, soya changa zilizochemshwa na kutiwa chumvi. Tofu baridi, sosi ukaitia mwenyewe. Sashimi, kama umeridhika na niliyoyasema juu. Samaki wa kuchomwa kwa chumvi, shioyaki, ambaye ndiye ningekushauri uanze naye. Ila uliza kama hakupakwa pombe ya kuondoa shombo. Wali mweupe usiotiwa kitu. Ukikaa tu utaletewa kibakuli kidogo ambacho hukukiagiza. Kansai, eneo la Osaka na jirani zake, hukiita tsukidashi, kinalipiwa yeni mia kadhaa, na huwezi kujua kina nini. Hakuna ubaya kumsogezea jirani.

Vyombo huwekwa katikati na kila mtu huchukua kwake, jambo lisilo geni kwa aliyekulia kwenye sinia la pilau. Tofauti ni vijiti. Usivisimike wima kwenye wali, na usipokee chakula kutoka vijiti vya mwenzako kwa vijiti vyako, kwani yote mawili wanayahusisha na mazishi: wali wa marehemu huchomekwa vijiti, na mifupa baada ya kuchomwa maiti hupokezanwa kwa vijiti. Omba vijiti vya kuchotea, ili vya mwenzako vilivyogusa nguruwe visiingie kwenye sahani yako. Hilo nalo ni adabu inayokubalika kabisa. Utaona wanashika bakuli kwa mkono wa kushoto na vijiti kwa kulia, nawe fanya vivyo hivyo, mkono wako wa kula unabaki wa kulia. Na sushi si makosa kuila kwa mkono. Geuza tonge, samaki ndiye aguse sosi, wali usiuchovye maana utasambaratika na kunywa chumvi yote.

Wakati wa kugonganisha bilauri, chai ya oolong inatosha, hakuna anayechungulia. Wao humiminiana vinywaji. Ukimiminiwa chai, shika bilauri kwa mikono miwili. Kumwaga pombe kwenye bilauri ya mwenzako si lazima kwako, na mtu wa maabara moja nawe ukimweleza mara moja hatakuuliza tena. Bili kwa kawaida hugawanywa sawa kwa sawa. Kama wamechukua kifurushi cha kunywa bila kikomo, mwulize mratibu mapema iwapo asiyekunywa anapunguziwa. Wengi hufanya hivyo wakikumbushwa, na migahawa mingine ina bei ya wanaokunywa vinywaji baridi tu. Bakshishi usiache.

Mwezi ujao, zamu ya kuchagua ikiwa yako, wapeleke kwenye sushi ya mkanda unaozunguka. Ilianzia karibu na hapo ulipo: Yoshiaki Shiraishi alifungua ya kwanza Higashi-Osaka mwaka 1958, baada ya kuona chupa za bia zikipita kwenye mkanda kiwandani. Kwa kundi lenye watu wa kila namna sijaona mahali panapofaa zaidi. Kila mtu anaagiza chake kwenye tableti yenye picha, mwingine jodari, mwingine tango, mwingine kamba aliyechemshwa, sahani zinahesabiwa na kila mmoja anajua deni lake. Pombe, kama ipo, haiwi ndiyo kiini cha meza. Wali wa sushi una siki, sukari na chumvi; wapo wanaoongeza mirin, kwa hiyo swali lako lile liulize hata hapo. Kampuni nyingi kubwa huweka orodha ya viungo kwenye tovuti zao, na unaweza kuisoma nyumbani kwa utulivu badala ya kusimama mbele ya mhudumu mwenye haraka.

La mwisho ni la hospitali. Ukila samaki mbichi, kisha ndani ya saa chache, mpaka nusu siku hivi, ukapata maumivu makali ya tumbo la juu yanayokuja kwa mawimbi, pamoja na kichefuchefu, usikae chumbani ukinywa dawa za gesi. Nenda hospitali yenye kipimo cha mpira wa kamera unaoingizwa tumboni kupitia kooni. Daktari humwona mnyoo na kumng'oa papo hapo kwa kibanio kidogo, na maumivu mara nyingi huondoka baada ya hapo. Uso au ulimi ukivimba, au pumzi ikabana, piga 119 bila kungoja. Ukiwa hujui kama hali yako ni ya dharura, Osaka wana namba ya ushauri #7119. Kuhara damu baada ya kula nyama isiyoiva nako ni kwa daktari siku hiyohiyo, na usinywe dawa ya kufunga tumbo kabla hujaonwa. Aliye na ujauzito, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, vibichi vyote aviache mpaka azungumze na daktari wake uso kwa uso. Na popote utakapofika, neno la kwanza liwe ulikula nini na saa ngapi. Daktari wa Japani akisikia shime saba saa mbili usiku, anajua aanzie wapi.